Mardi Gras ya Carnival: siku ya mwisho baharini ukiwa na familia

Katika safari ya usiku saba ya Karibi ya Mashariki, Mardi Gras, meli ya kitalii ya kampuni ya Carnival, hutoka Port Canaveral, Florida, ikapita San Juan, Amber Cove na Grand Turk, kisha ikakaa siku nzima kwenye maji matupu kabla ya kurudi ilikotoka. Siku hiyo ndiyo tunayoipima hapa. Bandari zina wapenzi wake na wachambuzi wake. Siku ya mwisho haina msemaji, na familia nyingi huimaliza zikikunja nguo na kupanga foleni, ilhali meli yenyewe ilijengwa kwa ajili ya siku kama hiyo.

Alama: nne kati ya tano. Ile moja imechukuliwa na upepo, msongamano na jioni ya masanduku. Sehemu kubwa yake inarudishika kwa kujua kipi kifanywe saa ngapi. (Saa zote humu ni za kwetu, ratiba ya meli huandikwa Kimarekani, kwa hiyo saa 3 asubuhi humu ni tisa huko.)

Kwanza meli. Mardi Gras iliundwa na Meyer Turku, Finland, ikaanza safari zake kutoka Port Canaveral tarehe 31 Julai 2021. Ni meli ya kwanza ya kitalii Amerika Kaskazini kutumia gesi asilia iliyosindikwa kuwa kimiminika. Ina nafasi ya abiria zaidi ya 5,200 wakihesabiwa wawili kwa chumba, na likizo za shule, vitanda vya tatu na vya nne vikijaa watoto, idadi hupanda zaidi. Siku za bandari wengi wa watu hao hushuka na sitaha zikapumua. Siku ya mwisho hakuna anayeshuka. Watu wote, wenye umri wote, wanataka bwawa lile lile saa ile ile, na matatizo karibu yote ya siku hiyo yanaanzia hapo.

Kabla ya kulipa, soma ratiba ya tarehe yako. Tangu Carnival ifungue Celebration Key kwenye kisiwa cha Grand Bahama, Julai 2025, baadhi ya safari huweka kituo hicho mwishoni. Ukikuta hivyo, siku yako ya mwisho ni ya ufukweni, utarudi chumbani na mchanga na nguo mbichi jioni ile ile ya kufunga masanduku. Kwa familia yenye watoto chini ya miaka sita tungechagua ratiba inayomalizika na bahari tupu.

Jambo linalowashangaza wengi ni baridi. Kutoka Grand Turk meli inaelekea kaskazini-magharibi, ikipita kando ya visiwa vya Bahama. Kati ya Desemba na Machi inaweza kuacha joto la nyuzi 27 leo, na kesho yake ikakutana na hewa ya baridi inayoshuka kutoka bara la Marekani. Juu ya hapo kuna upepo wa meli yenyewe: ikienda noti 20, ni sawa na kusimama kwenye upepo wa kilomita 37 kwa saa hata kama hewa imetulia kabisa, na ukivuma kutoka mbele, hizo mbili zinajumlishwa. Mtoto aliyetoka majini akiwa amelowa hapo hutetemeka ndani ya dakika mbili. Beba koti jepesi lenye kofia kwa kila mtoto, na kaeni upande wa tezi, nyuma ya jengo la meli, ambako upepo umekatwa. Bwawa la Tides, nyuma kabisa ya sitaha ya 16, ndilo tulivu kuliko lile la katikati siku za namna hiyo. Liwahi.

Bahari nayo ina tabia yake karibu na Florida. Mkondo wa Ghuba unapanda kaskazini kwa nguvu, na upepo wa kaskazini ukivuma kinyume chake, mawimbi hufupika na kusimama wima. Meli hii ni kubwa, haitakurusha, lakini utauona mtikisiko kwanza kwenye bwawa: maji yanaanza kwenda na kurudi kama kwenye beseni linalobebwa, kila pigo likikua kuliko lililotangulia, mpaka yanamwagika sitahani. Hapo wafanyakazi hutandaza wavu juu ya bwawa au huyatoa maji. Usigombane nao. Anayeugua bahari ameze kidonge chake usiku uliotangulia au saa moja kabla, kwa sababu dawa hizi huzuia kichefuchefu kuliko zinavyokiondoa kikishaanza. Kwa watoto, kipimo apange daktari au mfamasia kabla ya safari. Na anayejisikia vibaya asijifungie chumbani: ashuke sitaha za chini, katikati ya meli, akae anapoona upeo wa bahari. Grand Central, kwenye sitaha za 6 hadi 8, ina madirisha yaliyopanda ghorofa tatu, na ni mahali pazuri kwa hilo.

Sasa mpangilio wa asubuhi. Mabomba ya kuserereka ya WaterWorks, uwanja wa michezo ya maji wa meli, mara nyingi hufunguliwa kati ya saa 3 na saa 4. Saa kamili iko kwenye HUB, programu ya simu ya meli, inayofanya kazi bure kwenye mtandao wa ndani simu ikiwa kwenye hali ya ndege. Nusu saa ya kwanza ni ya dhahabu. Mtoto anaweza kushuka mara nne au tano katika muda ambao baada ya saa 5 angeshuka mara moja. Kimo cha chini ni inchi 42, karibu sentimita 107, na hupimwa kwa kijiti pale pale. Mpime mtoto nyumbani akiwa pekupeku, kwa sababu machozi ya mtoto aliyekatazwa baada ya kupanda ngazi zote ni mabaya kuliko ya aliyeambiwa mapema.

Wenye watoto wachanga wasikilize hili: mtoto ambaye bado anavaa nepi haruhusiwi kwenye mabwawa wala jakuzi, hata akiwa na nepi maalumu ya kuogelea. Ni kanuni ya usafi wa meli inayosimamiwa na mamlaka ya afya ya Marekani, na inafuatwa kweli kweli. Mtoto mmoja akijisaidia majini, bwawa linafungwa kwa saa kadhaa, maji yatibiwe kwa klorini, na siku ya mwisho saa kadhaa ndiyo siku yenyewe. Mdogo huyo mpeleke kwenye eneo la maji ya kurushwa lililotengwa kwa ajili yake.

Viti vya kulalia kando ya bwawa hushikwa kwa taulo kuanzia alfajiri. Kampuni ina utaratibu: mfanyakazi hubandika karatasi yenye saa kwenye kiti kisicho na mtu, na baada ya dakika 40 vitu vinaondolewa. Siku ya mwisho wafanyakazi hao huelemewa, basi usiutegemee sana. Shuka hadi Summer Landing, sitaha ya 8 upande wa tezi. Lina bwawa lake na viti vyake, liko karibu zaidi na maji, na watu wengi hawalikumbuka mpaka mchana. Serenity, eneo tulivu la kupumzikia, ni ya waliotimiza miaka 21. Wazazi wanaweza kupokezana, mmoja akiwa na watoto, mwingine akipumzika.

Kuhusu BOLT. Hii ndiyo treni ya kwanza ya kuporomoka kuwekwa juu ya meli: kigari cha umeme chenye umbo la pikipiki, cha watu wawili, kwenye reli ya mita 244 hivi juu kabisa ya sitaha zote. Kasi hufika kilomita 64 kwa saa, na aliyekalia ndiye anayeikaza au kuilegeza. Inalipiwa kila unapopanda; andaa dola 15 au zaidi kwa mtu. Ni nzuri mno, na kuipangia siku ya mwisho ni kosa. Abiria ni wachache kwa kila mzunguko, kwa hiyo foleni haisogei, na ni kitu cha kwanza kusimamishwa upepo ukizidi au mvua ikinyesha. Aliyeahidi watoto kwamba watapanda "kesho, siku ya mwisho" anaweza kujikuta hana cha kuwapa. Ipandeni siku ya Amber Cove alasiri, wengi wakiwa nchi kavu. Njia ya kamba ina hali hiyo hiyo, nayo inadai viatu vilivyofunika vidole. Siku ya mwisho ibakizeni kwa vitu ambavyo upepo hauwezi kuvifunga.

Na kimojawapo ni mlo. Siku za baharini ukumbi mkubwa wa chakula huandaa staftahi ndefu inayounganika na chakula cha mchana, kwa kawaida saa 2:30 asubuhi hadi saa 7 mchana. Imo kwenye tiketi, unakaa mezani, unaagiza kwa orodha. Ukienda saa 2:30 unaingia moja kwa moja. Saa 4:30 utasubiri. Sahani ya kuagiza ni mkate wa mayai uliolowekwa kwenye mchanganyiko wa vanila kwa saa 12, ukavingirishwa kwenye konfleksi na kukaangwa. Kisu kikipita, ganda la nje linavunjika kwa mlio, na ndani mkate umekuwa laini kama kastadi, haujawa uji. Siri iko kwenye ule muda wa kulowesha: mkate unaochovywa haraka huiva nje na kubaki mkavu katikati. Watoto wanaokataa kila kitu mezani huwa wanaula huu. Nyama ya kuchoma na mayai ni ya wenye njaa ya kweli.

Mchana, baga za Guy's Burger Joint pale Lido, sitaha ya bwawa kuu, hazilipiwi, na Big Chicken ya Shaquille O'Neal vilevile. Foleni hupanda saa 6 kamili na kushuka karibu saa 8. Bufee ya Lido saa 6:30 tunaikwepa: chakula si kibaya, lakini kumtafutia bibi kiti huku umeshika sahani tatu ni kazi kubwa kuliko chakula chenyewe. Wanaokula halali wasichukulie kwamba nyama ina cheti. Waulize kampuni kabla ya kukata tiketi, na waangalie meza ya viungo vya baga, ambako bekoni huwa karibu. Lililo salama na tamu ni mlo wa mboga wa Kihindi unaopikwa kwa kuagizwa kwenye ukumbi mkubwa: dengu, wali, mboga za mchuzi. Mwambie mhudumu wenu jioni ya Grand Turk ili uwe tayari jioni ya mwisho. Kwa mtu wa Pwani aliyekula viazi vya kupondwa siku sita, bakuli hilo la dengu lina thamani yake.

Kwa wanaoswali, siku hii ina urahisi wake, maana hakuna basi la kukimbilia. Kutoka maji ya kaskazini mwa Bahama, kibla kiko kaskazini-mashariki. Meli ikielekea kaskazini-magharibi, simama ukitazama omo, kisha geuka mkono wa kulia robo ya duara na kidogo zaidi; ndipo hapo. Dira ya simu ndani ya chumba hudanganya kwa sababu ya chuma kinachokuzunguka. Ipime ukiwa sitahani, au angalia ramani ya safari kwenye runinga ya chumbani, inayoonyesha meli imeelekea wapi, kisha panga mkeka kulingana nayo. Meli ikigeuka usiku kuitafuta bandari, pima upya kabla ya Alfajiri.

Masanduku yafungwe saa 8 mchana. Karibu kila mtu huyaacha mpaka baada ya chakula cha jioni, watoto wakiwa na usingizi, chumba cha mita chache kikiwa na watu wanne na nguo za wiki nzima, na hapo ndipo wazazi wanapokaripiana. Saa 8 jua ni kali, hakuna unachokikosa nje, na Camp Ocean, klabu ya watoto ya meli, iko wazi kwa watoto wa miaka 2 hadi 11, bila malipo mpaka saa 4 usiku. Mzazi mmoja au wawili, saa moja na nusu, kazi imekwisha.

Anza kwa kutoa nguo mbichi za kuogelea na kuzitundika bafuni, kwenye kamba inayovutwa kutoka ukutani, zipate saa chache za kukauka. Za kuvaa majini alasiri hiyo zibaki nje, ziingie mwisho kwenye mfuko wa plastiki. Kisha tandaza kila kitu kitandani kabla ya kuweka chochote sandukuni. Kinachosahaulika zaidi ni kilichomo kwenye sefu, kikifuatwa na chaja ukutani, dawa za bafuni na kilichoviringika chini ya kitanda cha kukunjua cha mtoto. Sefu ifungue, ipapase kwa mkono hadi nyuma, uiache wazi.

Baada ya hapo tenga mfuko wa mkononi: pasipoti, kadi za ukaazi, dawa, miwani, funguo za gari, chaja, na nguo kamili za kesho asubuhi kwa kila mtu. Kamili maana yake ni pamoja na nguo za ndani na viatu. Masanduku yakishachukuliwa usiku hayarudi, na kila safari kuna baba anayeteremka Port Canaveral akiwa na suruali ya kulalia au kandambili za bwawa. Panga nguo hizo juu ya kiti, rundo moja kwa kila mtu, kiatu juu, kabla sanduku halijafungwa.

Ondoa lebo za zamani za ndege. Funga lebo ya meli yenye namba, uandike jina na chumba. Masanduku hutupwa ndani ya vizimba vya chuma vinavyoteremshwa kwa mashine, kwa hiyo chupa na vitu vya kuvunjika visikae humo hata vikifungwa kwa taulo. Kwenye ukumbi wa bandari utakuta masanduku meusi yanayofanana kwa mamia. Kipande cha khanga kilichofungwa kwenye mpini kinaonekana kutoka mbali kuliko utepe wowote wa dukani. Yatoe nje ya mlango kati ya saa 1:30 na saa 3:30 usiku, au muda uliotajwa kwenye karatasi ya chumbani. Ukichelewa, utayabeba mwenyewe.

Kuyabeba mwenyewe kunaruhusiwa tangu mwanzo na kuna faida: wanaojibebea huteremka kwanza. Vijana wawili wenye begi moja moja wafanye hivyo. Familia yenye watoto, kigari cha mtoto na bibi mwenye magoti mabovu isithubutu. Lifti asubuhi hiyo zimejaa watu wenye mizigo, ngazi nazo vivyo hivyo. Kama mzee anahitaji kiti cha magurudumu cha kumshusha, aombewe mapokezi siku hii ya mwisho kabla ya jioni. Asubuhi ya kuteremka ni kusubiri zamu nyuma ya wengine wengi.

Akaunti ikaguliwe kabla ya saa 11 jioni. Kila ulichonunua melini kimewekwa kwenye kadi ya Sail & Sign, na orodha yote iko kwenye HUB. Soma mstari kwa mstari, kwa sauti, mbele ya watoto wakubwa, kwani soda na mizunguko ya BOLT wanaijua wao. Linalohitaji kurekebishwa peleka mapokezi wakati huo. Baada ya saa 3 usiku foleni huzunguka ukumbi, na asubuhi ni mbaya zaidi. Wanaolipa kwa kadi ya benki ya akiba wajue kwamba meli huzuia kiasi fulani cha fedha kila siku kama dhamana, na benki huweza kukaa siku kadhaa kabla ya kuachia. Fedha hazijakatwa mara mbili, zimeshikiliwa, lakini mtu anayezitegemea kwa mafuta ya gari au kodi ya nyumba atakwama. Tumia kadi ya mkopo, au lipa akaunti kwa taslimu mapokezi. Salio la zawadi la kutumia melini, lisilorejeshwa, litumike leo.

Bahashishi hukatwa yenyewe kwa kila mtu mwenye miaka miwili na kuendelea. Kiwango cha vyumba vya kawaida kilipandishwa kufika dola 16 kwa siku mwaka 2023, na kampuni hukigusa mara kwa mara, basi angalia cha tarehe yako. Kwa dola 16, watu wanne kwa siku saba ni dola 448. Iwe kwenye bajeti toka nyumbani. Mhudumu wa chumba aliyewatandikia watoto na kuwakunjia taulo kuwa wanyama anastahili kitu cha mkononi pia, na mkabidhi usiku huu ukimtaja jina. Asubuhi yuko mbioni na huenda usimwone. Taulo za bwawa nazo zihesabiwe: isiyorudi hutozwa dola 22.

Maduka ya ndani hufungwa meli ikiwa bandarini, kwa hiyo leo yana meza za punguzo zilizozungukwa na watu. Fulana ya mtoto, sawa. Saa na mikufu, acha.

Karibu saa 11 jioni, masanduku yakiwa tayari na akaunti imesomwa, siku inafunguka upya, na wengi hawako kuiona kwa kuwa ndiyo kwanza wanaanza kukunja nguo. Shukeni sitaha ya 8, upande wenye jua. Hapo maji hayako mbali kama ukiwa Lido. Unasikia povu linavyochanika ubavuni. Rangi ni buluu nzito, na juu yake mwani wa sargaso umejipanga mistari mirefu ya manjano kama kamba zilizotandazwa, kila mstari ukifuata upepo. Mtazamisheni mtoto mbele kidogo ya povu, si mbali. Samaki panzi huruka kutoka hapo, wadogo kama kiganja, wakiteleza juu ya maji, wakigusa kilele cha wimbi kwa mkia na kuruka tena. Mtoto akishamwona mmoja, ataona kumi. Hakuna tiketi ya hili wala foleni, na kwetu ndiyo nusu saa bora ya safari yote.

Chakula cha jioni ya mwisho hakidai suti. Kaeni meza ile ile kama mmekuwa nayo wiki nzima, na agizeni ile keki ya chokoleti ya moto ambayo iko kwenye orodha kila usiku. Huja kwenye kikombe kidogo, juu imepasuka ganda jembamba, na ndani ni rojo. Toboa katikati kwa kijiko, subiri mvuke utoke, kisha dondosha aiskrimu ndani ya shimo. Ukiichelewesha kwa kupiga picha, rojo huendelea kuiva na moto wa kikombe na ikawa keki ya kawaida. Watoto wadogo wageuzieni kikombe kwenye sahani; udongo wake unaunguza.

Camp Ocean ichukueni michoro na kazi za watoto kabla haijafungwa, kwa maana asubuhi haifunguki. Simu zibaki kwenye hali ya ndege usiku kucha. Mtu akiitoa mapema kwa kuwa ameona taa za Florida, simu hujishika kwanza kwenye mnara wa meli wenyewe, na gharama yake ni ya kutisha kwa dakika chache tu.

Rubani wa bandari hupanda kabla ya mapambazuko. Anayependa kuona meli ikigeuzwa ndani ya mlango mwembamba wa Port Canaveral aamke saa 10:30 alfajiri na kwenda sitaha ya juu. Chai mapema, saa 12:30, maana vyumba viachwe kufikia karibu saa 2:30. Tunda lolote la bufee libaki mezani, hata ndizi ya mtoto: forodha ya Marekani haipitishi matunda mabichi wala nyama, na mbwa wao wananusa. Keki ya ramu iliyofungwa kiwandani hupita. Kinywaji kikali ni lita moja bila ushuru kwa mwenye miaka 21, na mkaazi wa Marekani ana msamaha wa dola 800 kwa vitu alivyonunua. Mgeni, kama bibi aliyekuja kutembelea wajukuu, ana kiwango kidogo zaidi, dola 100 za zawadi. Kombe kubwa la waridi la Grand Turk liwe na risiti yake, kwani konokono wa baharini mwenye kombe hilo yumo tangu 1992 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Ukumbini kuna kamera zinazolinganisha uso na picha ya pasipoti, na wengi hupita bila kuonyesha karatasi. Mgeni wa pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda awe nayo mkononi hata hivyo, na viza yake iwe imekaguliwa miezi kabla: mahali palipoandikwa idadi ya kuingia panatakiwa herufi M, yaani mara nyingi. Yenye kuingia mara moja ilishatumika siku aliyotua Marekani, na safari hii, kisheria, imemtoa nchini na kumrudisha.

Kutoka hapo hadi uwanja wa ndege wa Orlando ni kilomita 70 hivi, saa moja barabara ikiwa nzuri. Ndege ya kabla ya saa 7 mchana usiikatie tiketi. Ukungu kidogo tu kwenye mlango wa bandari huweza kuichelewesha meli nje kwa saa mbili.